Mwongozo Kamili: Kusoma Riwaya za Upelelezi wa Zama za Kale Hadi Mwisho, na Kumchagulia Mwenzako Inayomfaa

Riwaya hizi huwashinda wasomaji kwa namna mbili. Kwanza, majina hufika kumi na mawili kabla maiti haijaonekana, tarehe zinavuruga kichwa, na kitabu kinarudi rafuni. Pili, aliyemaliza humpa mwenzake kitabu alichokipenda yeye mwenyewe, kisha hurudishiwa baada ya miezi miwili kikiwa kimeishia sura ya tatu.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: msomaji anachukulia zama kuwa ni mapambo ya hadithi. Kisa bora cha aina hii ni kile ambacho kosa lake lisingeweza kutendeka, kufichwa au kufichuliwa vile katika zama nyingine. Hatua zote hapa chini zinasimama juu ya jambo hilo.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu kamili. Matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya shule hukata vidokezo, na bila vidokezo hakuna kisa.
- Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, ikae ndani ya jalada.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai, maana utafuta na kuandika upya.
- Vipande vitano vya karatasi vya kuwekea alama.
- Ramani ya mahali pa kisa, kama kitabu hakina yake.
- Vikao vya dakika 45 hadi saa nzima. Kitabu cha kurasa 250 kinataka vikao sita au saba vilivyokaribiana. Ukikaa wiki nzima bila kukigusa, utakuwa umesahau nani alikuwa wapi usiku wa tukio.

Simu iwe mbali. Sababu iko kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu cha kundi gani

Kuna makundi matatu ambayo watu huyachanganya.

Kundi la kwanza ni riwaya iliyoandikwa na mtu wa karne yetu au iliyopita kuhusu zama ambazo hakuziishi. Hii ndiyo riwaya ya upelelezi wa kihistoria hasa. *Death Comes as the End* ya Agatha Christie, iliyotoka 1944, inasimulia Misri ya karibu miaka 2000 KK.

Kundi la pili ni riwaya iliyoandikwa kuhusu siku za mwandishi mwenyewe, kisha ikazeeka. Sherlock Holmes yumo humu, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yumo pia. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, inatuonyesha Unguja ya kabla ya Mapinduzi kwa sababu mwandishi aliishi humo, wala hakulazimika kuitafiti. Kwa hiyo haikuelezi mambo ambayo kila msomaji wa siku zile aliyajua. Hayo utayajaza mwenyewe.

Kundi la tatu ni mpelelezi wa siku za karibu anayefukua kosa la kale. Katika *The Daughter of Time* ya Josephine Tey (1951), Inspekta Grant amelazwa hospitalini na anachunguza kama kweli mfalme Richard III aliwaua wapwa zake. Hakuna mbio wala damu, ni hoja na nyaraka tu. Anayetaka msisimko atalala, na anayependa mabishano ya kisheria hatakiweka chini.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: mwaka wa kisa ni upi, na mwaka wa kuandikwa ni upi.

## Hatua ya 2: Chagua cha kuanzia, na ukikague

Usianze na *The Name of the Rose* ya Umberto Eco, hata ukisifiwa vipi. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana, chenye vipande vya Kilatini na mijadala mirefu ya watawa wa mwaka 1327, na Eco mwenyewe alikiri kwamba kurasa mia za mwanzo alizikusudia ziwe ngumu, kama toba ya kuingilia. Kiweke kiwe cha tano au cha sita.

Anza na kimojawapo kati ya hivi:

Christie, *Death Comes as the End*. Kifupi, Kiingereza chepesi, hakina mfululizo. Mzee mwenye mali anamleta suria kijana katika nyumba iliyojaa wana wakubwa na wake zao. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba hiyo itawaka moto.

Ellis Peters, *One Corpse Too Many* (1979). Ni cha pili katika vitabu 20 vya mtawa Cadfael wa Shrewsbury, lakini anayeanza nacho hapotezi kitu. Kiingereza chake kina ladha ya kizamani, kwa hiyo kinataka utulivu.

Sujata Massey, *The Widows of Malabar Hill* (2018). Bombay, 1921. Wakili mwanamke anagundua kasoro katika karatasi ambazo wajane watatu Waislamu wameachia mali zao kwa wakfu. Wajane hao wanakaa utawani, yaani hawaonekani na wanaume wa nje, kwa hiyo polisi wa kiume hawawezi kuwahoji. Anayejua mambo ya mahari, mirathi na wakfu huko Mombasa, Unguja au Maskati atakisoma kwa wepesi kuliko msomaji wa London.

Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaosoma Kifaransa, njia rahisi ni mfululizo wa kampuni ya uchapishaji ya 10/18 uitwao *Grands Détectives*. Humo wamo Cadfael na Jaji Dee, hakimu mpelelezi wa Uchina ya kale, ambaye kwa Kifaransa huandikwa *juge Ti*.

Tahadhari ya kwanza ni majina ya vitabu. Kitabu hicho cha Massey kimeuzwa nchi nyingine kwa jina la *A Murder at Malabar Hill*. *Azazel* ya Boris Akunin kwa Kiingereza ni *The Winter Queen*. Watu hununua kitabu kimoja mara mbili kwa sababu hii. Tazama ukurasa wa haki za uchapishaji kabla ya kulipa.

Tahadhari ya pili ni vitabu vya mitumba. Fungua nyuma, tazama namba za kurasa kumi za mwisho bila kusoma maneno. Ukurasa ukikosekana katika riwaya ya mapenzi utavumilia, lakini riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho ni hasara tupu.

Kuhusu mpangilio wa mfululizo: Falco wa Lindsey Davis, mpelelezi wa Roma ya kale, aanzwe na *The Silver Pigs* (1989), kwa kuwa maisha yake ya nyumbani yanakua kitabu hadi kitabu. Shardlake wa C. J. Sansom, wakili wa Uingereza ya mfalme Henry VIII, aanzwe na *Dissolution* (2003). Jaji Dee wa Robert van Gulik unaweza kumshika popote.

## Hatua ya 3: Dakika kumi kabla ya sura ya kwanza

Soma ramani na orodha ya wahusika. Viko salama, viliwekwa hapo kukusaidia. Van Gulik hupanga wahusika kulingana na kesi, kwa kuwa jaji wake hushughulikia kesi tatu kwa pamoja kama ilivyo desturi ya hadithi za Kichina, na hukumbusha kwamba jina la ukoo linatangulia.

Usisome utangulizi ulioandikwa na mtu mwingine, wala maelezo ya mwandishi yaliyoko mwisho. Mengi yanamtaja muuaji bila kukuonya.

Na hapa ndipo simu inapoharibu. Riwaya hizi huchanganya watu wa kubuni na watu waliokuwepo. Katika *Dark Fire* ya Sansom, Shardlake anamfanyia kazi Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, katika majira ya joto ya 1540. Ukitafuta jina la Cromwell mtandaoni, mstari wa kwanza utakupa tarehe ya kifo chake, na mvutano wa kitabu utakuwa umeisha. Jambo usilolielewa liandike pembeni, ulitafute ukimaliza.

## Hatua ya 4: Karatasi ya majina

Hii ndiyo hatua inayowaokoa wengi, na ndiyo inayorukwa. Usiandike orodha ya majina. Andika *nani anategemea nini kwa nani*, kwa sababu katika zama ambazo hazikuwa na benki wala polisi, sababu ya kuua karibu daima imo katika urithi, cheo au kiapo.

Chukua kitabu cha Christie. Upande wa kushoto wa karatasi utakuwa hivi:

- Imhotep: kuhani wa makaburi, mwenye mali yote
- Esa: mama yake, mzee, haoni vizuri
- Yahmose: mwana wa kwanza, mkewe Satipy
- Sobek: mwana wa pili; mkewe Kait
- Ipy: kitinda mimba, anadekezwa
- Renisenb: binti, mjane, amerudi nyumbani
- Henet: anaishi humo kwa hisani
- Hori: mwandishi wa hesabu
- Kameni: mwandishi kijana kutoka kaskazini
- Nofret: suria mpya

Upande wa kulia andika hitaji: Yahmose anataka ushirika katika mali, Kait anawaza watoto wake, Henet hana kwake. Mshale mmoja kwa kila hitaji. Ukifika sura ya tano utaona mishale mingi inakutana kwa mtu mmoja. Hapo umeshaelewa nyumba yenyewe, na majina hayatakusumbua tena.

Kosa la kawaida ni kuandika kila mtu, hadi mbeba maji. Subiri mtu atajwe mara ya pili. Isipokuwa kitu kimoja: mtumishi aliyetajwa *kwa jina* mara moja tu mwanzoni, muandike kwa penseli nyepesi.

## Hatua ya 5: Weka sawa saa na tarehe

Kisa cha mauaji kinategemea nani alikuwa wapi saa ngapi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Watawa wa Cadfael na wa Eco walihesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, kama sisi. Tertia ni saa tatu asubuhi, seksta ni saa sita mchana, nona ni saa tisa. Vespa ni ibada ya magharibi, komplina ni ya kabla ya kulala, na matutini ni ya usiku wa manane au alfajiri. Andika hizo sita kwenye kona ya karatasi. Wenye saa za Kizungu huhangaika na kukokotoa, wewe huna haja.

Tarehe zinahitaji uangalifu zaidi. Warusi walitumia kalenda ya zamani hadi 1918, na katika karne ya 19 walikuwa nyuma kwa siku 12. Katika Uingereza ya kabla ya 1752 mwaka wa kisheria ulianza Machi 25, hivyo hati ya Februari 1540 huweza kuwa imeandikwa *baada* ya hati ya Desemba 1540. Katika kitabu cha Misri cha Christie, sura zina majina ya miezi ya mafuriko, kiangazi na kadhalika. Usizigeuze, hesabu tu siku zilizopita kati ya sura na sura.

## Hatua ya 6: Soma hadi theluthi mbili, kisha simama

Usikatize kikao katikati ya mahojiano. Mahojiano ndiyo mahali ambapo mwandishi huficha kidokezo, mara nyingi katika jibu ambalo mshukiwa halikuulizwa. Weka kipande cha karatasi kila unapoona jambo la namna hiyo. Vipande ni vitano tu kwa makusudi: vinakulazimisha kuchagua.

Ukifika theluthi mbili, yaani kama ukurasa wa 165 katika 250, funga kitabu. Andika mistari mitatu: nani, kwa njia gani, kwa nini. Halafu jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: *dhana yangu inategemea kitu gani cha zama hizi?* Kama jibu ni hakuna, kama mauaji yale yangeweza kutokea wiki iliyopita Kariakoo au Eastleigh, rudi kwenye vipande vyako. Kuna sheria, imani au desturi uliyoipita kwa haraka.

Kukosea si kushindwa. Umefaulu kama ukisoma ufumbuzi unaweza kuweka kidole kwenye ukurasa ulipopotezwa njia.

## Hatua ya 7: Pima kama zama zimebeba kisa

Kazi hii ifanywe baada ya ukurasa wa mwisho, na bila hiyo usimpendekezee mtu. Pima mambo matatu.

Upelelezi. Mpelelezi asitumie kitu ambacho hakikuwepo. Polisi wa London waliundwa 1829. Kipimo cha Marsh cha kutambua sumu ya aseniki ni cha 1836, na kabla yake daktari mahakamani alikuwa anabahatisha. Alama za vidole zilimtia muuaji hatiani Ajentina 1892, na Scotland Yard ilianzisha ofisi yake 1901. Mwaka huohuo wa 1901 ndipo ilipowezekana kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama. Kabla ya hapo, mchinjaji mwenye kanzu yenye damu alikuwa na utetezi wa kutosha, na mwandishi hodari huutumia.

Sheria. Katika Uchina wa Jaji Dee, hakimu wa wilaya alikuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na mwamuzi, na hakuweza kumhukumu mtu bila ungamo, ndiyo maana mateso yalikuwa halali. Msomaji anayekasirika kwamba jaji anatesa washukiwa hajakosea kukasirika, ila akijua kanuni hiyo ataona kwa nini kila kesi inaelekea kwenye kukiri. Katika *Roman Blood* ya Steven Saylor, mwaka 80 KK, mtu anashtakiwa kumuua baba yake, na adhabu ni kushonwa ndani ya gunia pamoja na wanyama na kutupwa mtoni. Hotuba halisi ya Cicero, wakili wa Kirumi aliyemtetea mshtakiwa katika kesi hiyo, ipo hadi leo. Isome baada ya riwaya, usiisome kabla.

Maisha ya kila siku. Tazama sahani. Viazi, nyanya, pilipili (isipokuwa pilipili manga), mahindi na muhogo vilitoka Amerika, havikuwepo kwingine kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Mtawa wa 1138 akila viazi, mwandishi amelala. Mwandishi wa kwetu akimpa mfanyabiashara wa Kilwa ya mwaka 1300 ugali wa mahindi, naye amelala.

Lakini tofautisha kosa na uamuzi. Jaji Dee halisi, Di Renjie, aliishi 630 hadi 700, enzi ya Tang, ilhali van Gulik alijaza vitabu mavazi na desturi za enzi ya Ming, karne nyingi baadaye, kwa kuwafuata waandishi wa Kichina wa zamani waliofanya vivyo hivyo. Naye alilisema wazi katika maelezo yake. Huyo hajakosea.

## Hatua ya 8: Mhoji mwenzako kabla ya kumtajia kitabu

Maswali manne yanatosha:

1. Kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi? (Alichokimaliza, maana kusifu ni rahisi.)
2. Unataka fumbo, au unataka kuishi katika zama nyingine kwa wiki moja?
3. Unasoma Kiingereza au Kifaransa kwa raha au kwa jasho?
4. Kuna jambo usilotaka kulisoma?

La nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalovunja uaminifu. Aliyefiwa na mtoto asipewe kitabu cha kifo cha mtoto. *A Rising Man* ya Abir Mukherjee, Calcutta ya 1919, ina matusi ya kikoloni na afyuni. *Devil in a Blue Dress* ya Walter Mosley, Los Angeles ya 1948, ina ubaguzi unaouma. Vyote viwili ni vitabu vizuri mno, ila msomaji ajulishwe mapema.

Anayetaka fumbo apewe Christie au Jaji Dee. Anayetaka zama apewe Sansom. Anayependa mahakama apewe Saylor au Massey. Anayesoma kwa jasho asipewe Peters wala Eco, hata akiomba.

## Hatua ya 9: Andika pendekezo la sentensi tano

Sheria ni moja: usivuke maiti ya kwanza. Mfano:

"Mwaka 1138 mfalme Stephen anauteka mji wa Shrewsbury na kunyonga walinzi 94 wa ngome. Mtawa aliyepewa kazi ya kuwasitiri anahesabu maiti na kupata 95. Ni kitabu kifupi na huhitaji kusoma kingine kabla yake. Maiti ni nyingi mwanzoni, ila mwandishi haogelei kwenye damu. Nimekuchagulia kwa sababu ulisema unapenda mpelelezi mwenye huruma."

Sentensi mbili za kisa, moja ya ukubwa, moja ya tahadhari, moja ya sababu. Angalia pia kwamba zama zimo ndani ya fumbo lenyewe: maiti iliyofichwa katikati ya walionyongwa vitani.

Usiseme "mwisho utakushangaza". Msomaji atakaa akimshuku kila mtu mwema kuanzia ukurasa wa kwanza. Usiseme "hutamjua kamwe muuaji", kwa kuwa umeshamwambia amwache yule anayeonekana wazi. Katika kundi la WhatsApp ni hatari zaidi, huko neno moja ni mchele uliomwagika penye kuku wengi.

## Hatua ya 10: Kikirudi hakijamalizwa

Usiulize "hukukipenda?" Uliza aliachia ukurasa gani, kisha ufuate hii:

Ameacha kabla ya maiti: kasi ilimshinda. Mpe kinachoanza na tukio, kama *Dissolution*, ambamo mjumbe wa Cromwell ameshakatwa kichwa ndani ya monasteri kabla Shardlake hajafika.

Ameacha muda mfupi baada ya maiti: ni majina. Mpe kitabu kilekile pamoja na karatasi yako, ukiwa umeukata upande wa kulia.

Ameacha katikati: zama hazikumvutia. Badilisha bara kabla ya kubadilisha mwandishi. Aliyechoshwa na monasteri za Uingereza mara nyingi hufufuka Bombay au Misri.

Ameacha karibu na mwisho: amemjua muuaji. Huyu ni msomaji hodari, na ndiye wa kumpa Eco.